Mwandishi wa vitabu vya watoto anakuja shuleni kwetu: niwaandae vipi wanafunzi?

Mwalimu wa Likoni

Assalamu alaykum, na hamjambo wenzangu. Ninafundisha Kiswahili Gredi ya 5 katika shule ya msingi ya umma hapa Likoni. Mwisho wa mwezi huu tutatembelewa na mwandishi wa hadithi za watoto, ambaye amekubali kuvuka feri kwa gharama yake mwenyewe na kukaa na wanafunzi wangu 58 kwa muda wa saa moja na nusu. Nimefurahi, lakini nina hofu. Katika shule niliyofundisha awali tulimleta mgeni kama huyo. Wanafunzi wote wakakusanywa uwanjani juani, hotuba zikatangulia, ngonjera ikafuata, na mgeni alipopewa nafasi watoto walikuwa hoi. Alipoomba maswali, alisimama kiranja mmoja akasoma swali ambalo nilikuwa nimemwandikia mimi. Jambo hilo linanisuta hadi leo. Safari hii nataka wazungumze naye kwa maneno yao wenyewe, na nakala za kitabu chake tunazo 4 tu. Nifanyeje?

Mwalimu mstaafu, Kisauni

Nakala 4 si haba, mwalimu. Wasomee wewe kwa sauti, dakika 15 kila siku baada ya mapumziko, na usiwaeleze maana ya hadithi, waache wabishane. Siku mbili kabla ya ziara, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jambo analotaka kumwuliza mgeni, akitumbukize katika kopo bila kuandika jina lake. Usiwasahihishe tahajia, kwa sababu mtoto akishaiona kalamu nyekundu huandika swali la kumpendeza mwalimu. Mwombe pia mwalimu mkuu awakaribishe kwa dakika chache tu, na mkutano ufanyike darasani kwenu, si uwanjani.

Mwandishi, Mvita

Naandika kama mtu ambaye amekuwa upande wa pili wa meza hiyo mara nyingi. Kinachotuchosha si maswali magumu, bali ni ukimya wa watoto ambao hawajaisoma hadithi na ambao wameonywa wasimwaibishe mwalimu.

Niliwahi kutembelea shule moja ya pwani ambako watoto walikuwa wamesomewa hadithi yangu kuhusu mvuvi. Mvulana mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu nilipoingia, akaniuliza kwa nini nimeandika "mashua" ilhali mchoro unaonyesha ngalawa. Nikamwomba anieleze tofauti yake. Akaja mbele, akachukua chaki, akachora gogo lililochongwa, kisha mbao mbili za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke, akasema kwamba baba yake hawezi kuiita mashua hata akilala usingizi. Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimekosea. Nililiandika sahihisho lake katika daftari langu mbele ya darasa zima, na kuanzia hapo mikono haikushuka mpaka kengele ikalia.

Kwa hiyo, mwalimu, mwombe mgeni wako aje na rasimu yake ya kwanza, yenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyobadilishwa. Watoto wengi hudhani kitabu huzaliwa kikiwa safi, na kwamba insha zao zenye mikwaruzo ni dalili ya kushindwa. Waone ukurasa huo kwa macho yao, waushike.

Mkutubi, Mji wa Kale

Naongeza moja tu. Likoni kuna watoto ambao lugha ya nyumbani ni Kidigo, na wengine husikia Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa bibi zao. Huenda mmoja akauliza kwa nini kitabuni ni "macho" na "njoo" wakati bibi yake husema "mato" na "ndoo". Tafadhali asinyamazishwe. Mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kutunga mashairi yake kwa Kimvita karne moja kabla, na hakuna anayethubutu kusema kwamba alikosea. Mwandishi akieleza namna anavyochagua lugha ya wahusika wake, mtoto huyo atajua kwamba hata maneno ya bibi yake yanaweza kuandikwa.

Mwalimu wa Likoni

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mwalimu mkuu amekubali kuwakaribisha kwa dakika 5, na hotuba nyingine zimefutwa. Kopo nimekwisha kulipata, la maziwa ya unga. Nimempigia mgeni simu kuhusu rasimu, naye ameniambia anayo nyumbani, imeandikwa kwa penseli. Nitaanza kuwasomea Jumatatu, na sura ya mwisho nitaiacha bila kuisoma, ili aje awasomee yeye.