Tulilipia ziara ya Mombasa, hatukwenda, halafu mtihani ukatuuliza tuliona nini!

Ndugu zangu, nina hasira na sitaficha. Niko mwaka wa tatu, nasomea shahada ya viumbe wa majini katika chuo kimoja hapa Kampala. Tangu nianze, chuo hakijanipandisha boti hata mara moja, na Ziwa Viktoria tunaliona kutoka ghorofa ya juu ya bweni.

Niwaeleze kilichonileta huku. Mwisho wa 2020 shule zilikuwa zimefungwa kwa korona, nami nikawa nyumbani Busia. Asubuhi moja tukakuta mwalo, ufuo wetu wa wavuvi, umejaa sangara waliokufa, wengine huwaita mbuta, wakubwa wa kubebwa na watu wawili, wameelea matumbo juu. Wengine wakasema ziwa limetiwa sumu. Serikali ikasema oksijeni imepungua majini. Babu, aliyevua tangu ujana wake, akauliza: mbona kamongo, wale samaki wenye mapafu, hawajafa? Swali la babu ndilo lililonipeleka chuo.

Jibu nimelipata kitabuni. Maji ya kilindini hukaa muda mrefu bila kuchanganyika na ya juu, na oksijeni yake huliwa na bakteria wanaoozesha mwani uliozama. Dhoruba ikiyavuruga, yanapanda. Sangara havumilii maji ya namna hiyo, anakufa. Kamongo anakuja juu na kuvuta hewa kama mimi na wewe. Vizuri, nimeelewa. Lakini miaka mitatu sasa sijashika kipima oksijeni. Idara inacho kimoja, kimefungiwa kabatini, sisi tunaonyeshwa picha yake kwa projekta.

Sasa nije kwenye ziara. Muhula uliopita tulikuwa na somo la bayolojia ya bahari: mikoko, matumbawe, maji kujaa na kupwa. Somo lenyewe nalipenda, nalipenda sana. Ila mtu aliyekulia ziwani hajui maji yanayoondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Inabidi asimame pale mwambani, aone konokono na kaa walivyogawana mwamba, wanaostahimili jua wakikaa juu na wasiostahimili wakikaa chini. Kwa ajili hiyo kila mmoja wetu alitozwa shilingi 350,000, siku tano Mombasa. Za kwangu mama alizitoa kwenye chama chao, pesa ya mukene, yaani dagaa, aliouanika kwa mikono yake.

Ziara ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Wiki moja kabla ya mitihani ikafutwa kwa ujumbe wa mistari miwili kwenye WhatsApp. Tulipouliza pesa tukaambiwa zimeingizwa katika mahitaji mengine ya idara. Mahitaji gani? Hakuna aliyejibu.

Halafu tukaingia kwenye mtihani. Swali la pili, la lazima, alama 25: eleza mpangilio wa viumbe katika ukanda wa maji kujaa na kupwa, ukitumia mifano uliyoiona kwenye ziara. ULIYOIONA! Msimamizi tulimwita, akasema yeye hana mamlaka ya kubadilisha swali. Basi nikaandika kwamba nimewaona kaa ambao sijawaona, juu ya mwamba ambao sijaukanyaga. Wenzangu wakafanya vilevile. Chuo kimetufundisha kubuni data, kisha kikatupa alama kwa kubuni vizuri. Hilo siwezi kulimeza.

Na msiniambie Mombasa ni mbali, kwa sababu ziwa liko hapa. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za nkejje, wale furu wadogo. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, akaja kuzaana kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka kabla hata hazijapewa majina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walitoka Uholanzi wakaja kukaa Mwanza miaka na miaka kuwachunguza. Jinja samaki wa ziwa hili wanatafitiwa tangu 1947, na kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80 tu. Mimi, mtoto wa mwalo, ukiniwekea furu wawili mezani siwezi kukwambia ni aina moja au mbili.

Bajeti pia msiniambie. Januari nilichukua mfuniko wa ndoo ya rangi, nikaukata duara la sentimita 20, nikalipaka robo nyeusi na robo nyeupe, nikafunga jiwe na kamba yenye mafundo. Mjomba akanipeleka kwa mtumbwi wake. Nikalishusha mpaka likapotea machoni, nikahesabu mafundo, nikaandika. Hicho ni kipimo halali cha uangavu wa maji, tumekisoma darasani, na hakikunigharimu hata shilingi 15,000.

Wahadhiri wetu wengi siwalaumu. Kuna kijana mmoja aliyenunua wavu wa planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, kwa mshahara wake. Nawalaumu wanaokusanya pesa na kukalia ufunguo wa kabati.

Jumatatu tunapeleka barua kwa mkuu wa kitivo. Tunataka pesa zirudi au ziara ifanyike kabla hatujahitimu, na swali la pili lifutwe kwa darasa zima. Tumeshasaini 23. Mliotutangulia, kama nanyi mlilipia ziara msiyoenda, wekeni hapa picha ya risiti, mfunike jina na namba. Yangu naiweka ya kwanza.