Canter iliyobadilishwa injini: nitajuaje spea zake halisi?

Msafirishaji, Njombe
Wakuu, salamu. Nina Canter ya zamani inayobeba viazi kwenda Dar es Salaam, ambayo mmiliki wa awali aliibadilisha injini kabla ya kuniuzia. Kadi ya gari bado inasoma injini ya aina ya 4D32, nami niliitegemea nilipoagiza gasketi ya silinda hedi. Matundu ya bolti yalikubali yote, lakini fundi alipoilaza juu ya bloku tuliona ukingo wake wa chuma ukichungulia ndani ya kila silinda. Namba ya bloku imeliwa na kutu, inasomeka "4D3" tu. Nianzie wapi kabla sijapoteza fedha nyingine?

Fundi dizeli, Mwanza
Pole, ndugu, na umshukuru fundi wako, maana ukingo ule ungefungwa ungegongwa na pistoni. Iweke kadi kando, upime. 4D32 ina silinda za kipenyo cha milimita 104 na mwendo wa pistoni wa milimita 105. 4D33 ni 108 kwa 115. 4D34 ni 104 kwa 115. Mtego uko hapo: anayepima kipenyo peke yake hawezi kutofautisha 4D32 na 4D34, na anaweza kununua pistoni inayoingia vizuri kabisa lakini isiyo ya injini hiyo. Kwa hiyo shusha pistoni hadi mwisho, pima kina kutoka uso wa bloku, kisha ipandishe hadi juu. Ikichomoza juu ya bloku, kiasi hicho kijumlishe kwenye kina. Ukipata 104.5, usidhani ni injini nyingine, kwani huenda silinda zilichongwa, na kichwani mwa pistoni utakuta alama ya 0.50.

Muuza spea, Kariakoo
Naongezea kwamba vifaa vya nje haviifuati bloku kila mara, kwa sababu anayebadilisha injini mara nyingi huhamisha stata, alternata, pampu ya dizeli, hata flaiwili, kutoka injini ya zamani. Sahani ya klachi ipimwe kipenyo na kuhesabiwa meno ya katikati. Nozeli, yaani ncha inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda, isomwe namba yake inayoanza na DLLA. Beringi ya krenki igeuzwe, kwani mgongoni huandikwa STD, yaani saizi ya kawaida, au 0.25 ikiwa krenki ilichongwa. Mimi humwomba mteja aje na spea ya zamani, hata kama imevunjika.

Msafirishaji, Njombe
Asanteni sana. Tumepima leo tukapata 108 kwa 115, hivyo ni 4D33, na kadi nitaipeleka TRA irekebishwe. Ila nozeli mbili zina namba tofauti na zile nyingine mbili.

Fundi dizeli, Mwanza
Usizirudishe hivyo, ndugu. Zipeleke zote nne kwa fundi wa pampu, pamoja na namba iliyo kwenye kibao cha pampu yako, akupatie seti moja inayolingana.