Dawa mpya za Parkinson: pesa zetu ziingie huko?

Mwana_Arua: Jana kuna mtu kaandika humu kwamba serikali itenge pesa za kutafuta dawa mpya za Parkinson, huu ugonjwa wa ubongo unaotetemesha watu. Mpya ya nini, na kuukuu haijatufikia? Mzee wangu huu mwaka wa sita anatetemeka. Levodopa, dawa ya tangu miaka ya 1960, leo utaikuta dukani, wiki ijayo wanakwambia urudi Jumatatu.

Konda_Kawempe: Pole kaka, ila tusidanganyane. Huku kwetu asubuhi nusu ya wanaotetemeka ni waragi, pombe kali. Akipata ya kwanza, anatulia.

Mwana_Arua: Baba yangu ni Alhaji. Hata kwete, pombe ya kienyeji, hajaionja. Futa hayo maneno.

Konda_Kawempe: Nimesema nusu. Mzee wako yuko ile nusu nyingine. Hasira za nini?

Nesi_Jinja: Nusu kwa hesabu ya nani? Anayetetemeka kwa kukosa pombe, mikono yote miwili inacheza akiinyoosha. Parkinson huanza upande mmoja, mkono ukiwa umetulia pajani. Wengine hawatetemeki kabisa, wanakakamaa tu na kuwa wazito. Na wewe Mwana_Arua, levodopa inaziba pengo la dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, lakini seli za ubongo zinazoitengeneza zinaendelea kufa. Hakuna dawa duniani iliyothibitishwa kusimamisha hilo. Dawa mpya ni ya hilo.

Bibi_wa_Bombo: Mnagombana na upupu umejaa vichakani! Mbegu zake zina levodopa hiyohiyo. Wahindi wanaijua tangu zamani.

Konda_Kawempe: Upupu huu wa kuwasha? Tulimwekea mwalimu wa hesabu kwenye kiti. Alicheza ngoma ya kijiji kizima 😂

Mwana_Arua: Kwanza mlevi, sasa awashwe. Asanteni.

Bibi_wa_Bombo: Mbegu, mjukuu wangu, siyo manyoya ya ganda. Wataliano walikwenda kujaribu Bolivia, wagonjwa 18, wakawapa unga wa mbegu zilizokaangwa. Matokeo yalitoka 2017, unga ukafanya kazi kama kidonge.

Nesi_Jinja: Mama, hapo ni dozi moja moja. Walipofuatilia wanaounywa kila siku, nusu waliacha, baadhi yao matumbo yaliwachafuka. Kidonge kina kabidopa ndani, inazuia levodopa isiishie njiani kabla ya ubongo. Unga hauna. Tafadhali mtu asimchanganyie mzee unga na vidonge kwa sababu ameusoma hapa.

Mkulima_Mbale: Nesi umenisaidia bila kutaka. Upupu unaota kwetu, wanaoupima ni Wataliano, tena Bolivia! Chuo Kikuu cha Makerere wapewe hizo pesa wapime hapa. Covidex, ile dawa ya korona ya watu wa Mbarara 2021, si ilianza na mitishamba? Mkaicheka.

Nesi_Jinja: Nani alicheka? Mamlaka ya dawa iliiruhusu iwe ya kusaidia matibabu, siyo kuponya. Nyinyi ndio mlioipangia foleni kama maji ya Zamzam.

Mkulima_Mbale: "Nyinyi" akina nani? Mimi sikununua hata tone.

Konda_Kawempe: Shemeji yangu alinunua chupa tatu. Bibi, hizo mbegu kilo shilingi ngapi?

Bibi_wa_Bombo: Nani kasema nauza?

Konda_Kawempe: Sijauliza kama unauza. Nimeuliza bei.

Bibi_wa_Bombo: Njoo pembeni tuongee.

Mkulima_Mbale: Alaa!