Nimeombwa kufundisha mahubiri fafanuzi Thailand, notisi zangu za Dodoma zitafaa?

MwalimuChamwino
Bwana Yesu asifiwe watumishi. Mi nafundisha kuhubiri chuo kimoja cha Biblia hapa Dodoma, wanafunzi wangu wengi ni wainjilisti wa vijijini Chamwino na Bahi. Sasa nimeombwa niende Chiang Mai nikafundishe wachungaji mahubiri fafanuzi, yaani unachukua kifungu kizima unakichimba mpaka hoja kuu ya mwandishi ndo inakuwa hoja kuu ya mahubiri, sio unaokota mstari mmoja halafu unaendelea na mambo yako. Ila kule zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni Wabudha, Wakristo ni kama asilimia 1 tu. Nibebe notisi hizi hizi au nianze upya? Mwenzangu ananiambia Neno ni Neno, fundisha tu.

Mtumishi_Mpwapwa
Amina mwalimu. Mi niko na mwenzako. Nehemia 8 walisoma torati wakaeleza maana yake, basi. Muktadha wa kifungu na hoja yake havibadiliki ukivuka bahari. Ukianza kutafuta ya kuwapendeza wasikilizaji utajikuta unafundisha dini yao.

DadaIpagala
Mtumishi, nakuheshimu sana, lakini Nehemia 8 hiyo hiyo inasema walieleza mpaka watu wakafahamu, na mtu anafahamu kutokana na swali alilokuja nalo kichwani. Nimeishi Thailand na mume wangu alipokuwa masomoni. Mwalimu chukua Yohana 9, kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Huku kwetu Ugogo mtoto akizaliwa na ulemavu watu wanaulizana nani kamroga, kule wanauliza alifanya nini kwenye maisha yaliyopita maana karma, yaani malipo ya matendo ya mtu, haimwachi mtu, kwa hiyo mama wa mtoto yule anabeba uchungu na lawama juu yake. Yesu anajibu mstari wa 3 kwamba si yeye wala wazazi wake. Mchungaji wa kule akirukia haraka muujiza wa macho atakuwa amepita juu ya jibu ambalo yule mama amelisubiri miaka yote, na hilo jibu lipo ndani ya kifungu, hujaongeza kitu.

Halafu darasani usiulize "mmeelewa?" Watakubali wote, kumpinga mwalimu mbele za watu kule ni kumwaibisha. Wape kifungu, wakae vikundi, waandike hoja kuu kwa sentensi moja kwa lugha yao, wasome. Na ukiwa na mkalimani punguza somo nusu.

MwalimuChamwino
Dada ubarikiwe, hapo umenifungua. Sasa Luka 15, habari ya mwana mpotevu, ndo somo langu la kwanza siku zote, yule ndama aliyenona. Huku ukisema baba kachinja ndama kanisa zima linaona furaha, kwa Mgogo ng'ombe ni ng'ombe. Kule si amri yao ya kwanza kati ya zile 5 inakataza kuua kiumbe?

DadaIpagala
Ndiyo, ingawa nyama wengi wanakula. Wewe fundisha, ila kaa sana kwa kaka mkubwa, kuanzia mstari wa 25. Kila asubuhi kule watu wanawapa watawa chakula wajipatie thawabu, hata mtoto wa kiume akiingia utawa thawabu inawafikia wazazi. Sasa huyu kaka ametumika miaka yote anadai hesabu yake, na mdogo mtu aliyetapanya kila kitu anavishwa pete. Hapo ndo neema inawagonga, wanakasirika pamoja na kaka kabla hujaeleza chochote.

Mtumishi_Mpwapwa
Hilo la kaka mkubwa nimelielewa, na bado ni kifungu chenyewe kinaongea. Mwalimu, basi ile mifano ya ng'ombe na mvua iache Dodoma, hatua za kuchimba andiko beba zote.

DadaIpagala
Mifano watatoa wenyewe. Siku ya kwanza wape Yohana 9 wahubiri wao, we kaa nyuma usikilize, ndo uamue siku ya pili unafundisha nini.