Nimeachiwa paka asiye na manyoya, je ni mgonjwa?

MamaZuhura
Wakuu habari zenu. Niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Jirani kahamia kwa mwanawe, kaniachia paka wake aina ya Sphynx. Hana unyoya hata wa dawa! Ukimshika ana joto kama chapati ya sasa hivi, na akilala kwenye shuka anaacha madoa ya kahawia. Mama yangu aliye Tanga kamwona kwenye simu, kasema huyo ana ukurutu, nimrudishe nilikomtoa. Nifanyeje? Na baridi ya huku ataiweza?

Mfugaji_Mstaafu
Si ugonjwa dada, kazaliwa hivyo. Ni hitilafu kwenye jeni ya KRT71: nywele zinaota ila hazishiki, na lazima airithi kwa baba na mama wote wawili. Aliyevuma kwanza ni Prune, aliyezaliwa Toronto mwaka 1966 na paka wa kawaida kabisa, mwenye manyoya yake. Ukoo wake ulikatika. Hawa wa leo asili yao ni paka wa shambani huko Wadena, kuanzia 1975, pamoja na wengine waliookotwa Toronto baadaye, wakachanganywa na aina nyingine ya paka, Devon Rex. Wadena iko Minnesota. Mwambie mama mwenyeji ni paka, mgeni ni wewe.

Nyau2
😂😂 Madoa ni mafuta ya ngozi tu, hayana manyoya ya kuyanyonya. Muogeshe mara moja kwa wiki, maji vuguvugu na shampuu ya paka, umkaushe hapo hapo. Kila siku hapana, ngozi itakauka. Usisahau kwenye mizizi ya kucha, ndiko uchafu unakojificha. Masikio futa kwa pamba, vijiti usiingize. Wangu siku ya kwanza alinikwea hadi kichwani, kovu ninalo.
Nje asitoke, mvalishe fulana. Hata jua la dirishani linamuunguza. Na atakula sana, mwili wake unatafuta joto.

MamaZuhura
Kumbe ndiyo maana sahani anailamba mpaka inang'aa! Mume wangu ana aleji, lakini jirani alisema paka huyu hana neno.

Mfugaji_Mstaafu
Hapo kakudanganya. Aleji inaletwa na protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi, na huyu anayo yote. Kingine, mpeleke apimwe moyo kwa ultrasaundi. Aina hii husumbuliwa na misuli ya moyo kunenepa, na kwa nje huoni kitu.

MamaZuhura
Miadi nimeshaweka, Alhamisi. Shemeji yenu kaanza chafya, kahamia sebuleni. Paka yuko ndani ya blanketi langu.