Nyumba mpya Fumba: shawa zinaziba, maji moto yanatoka kama uzi. Ning'oe paipu zote?

Mkaazi_Fumba
Assalaam aleikum wajuzi wa mifereji. Nyumba ina miezi 9. Maji ni ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe, yanapanda tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara. Paipu ni PPR, zile za plastiki zinazounganishwa kwa moto, ya milimita 25 kutoka tangini, za milimita 20 kwenda vyooni. Hita ni ya lita 50. Shawa zina ukoko mweupe, hita inanguruma, maji moto ni kidogo sana. Fundi anasema paipu zimejaa chokaa, tupasue ukuta tubadilishe zote. Nisaidieni kabla vigae havijaguswa.

FundiUwanda
Waaleikum salaam. Usipasue, ndugu yangu. Mvua ikipita ardhini hubeba gesi ya kaboni, ikaliyeyusha jiwe la matumbawe na kuondoka na chokaa yake. Maji yakipata moto, gesi hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana hukaa kwenye elementi ya hita, ile inayopasha maji moto, na pale maji yanapokaukia, yaani matundu ya shawa na kichujio cha mdomo wa mfereji. PPR ya maji baridi haijai kwa miezi 9.

Chukua ndoo ya lita 10 na saa. Jaza maji baridi, andika sekunde. Jaza ya moto kwenye mfereji huohuo, andika. Yote mawili yakiwa dhaifu, angalia koki ya kutokea tangini, kisha maungio. Ya moto peke yake yakiwa dhaifu, tatizo lipo kwenye hita, au katriji (kile kipande cha ndani) ya mfereji wa kuchanganyia moto na baridi, au ile valvu ya usalama penye kuingilia maji. Ndani ya valvu hiyo mna kizuizi cha maji kurudi nyuma, na chokaa hupenda kukaa hapo.

Bi_Mekoni
Kabla ya kununua kifaa chochote, jua kama maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, au yameingia chumvi ya bahari. Watu wanachanganya mambo haya mawili na pesa zinapotea. Chemsha maji kwenye birika mpaka lipate ukoko, kisha kamulia ndimu. Ukitoa povu na kuyeyuka, ni chokaa. Maji yakiwa na ladha ya chumvi, hilo ni jambo jengine, na mashine ya kulainisha maji haitoi chumvi ya bahari. Kile kipimo cha peni cha kuchovya majini nacho hakitofautishi, kinajumlisha vyote vilivyoyeyuka. Maabara waombe ugumu na kloridi (ndiyo inayoonyesha chumvi), kila kimoja na namba yake.

FundiUwanda
Sahihi kabisa. Sasa hita. Zima breka, fungua mfereji wa moto mpaka yatoke ya baridi, funga maji ya kuingia, ndipo utoe maji yote. Fungua bolti za flenji, kile kifuniko kinachoshika elementi, kisha ivute. Usiigonge kwa nyundo, ganda lake la nje likipasuka umeme unaingia majini. Iloweke saa 1 au 2 kwenye asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita 2 za maji ya uvuguvugu. Usiweke karibu dawa yoyote ya klorini, vikikutana hutoa gesi yenye sumu. Zoa mchanga wa chokaa uliotuama ndani ya hita, chini. Tazama fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya hita, ikibaki chini ya nusu weka mpya. Mpira wa flenji weka mpya kila unapofungua. Kisha jaza maji mpaka mfereji wa moto utoe bila hewa, ndipo uwashe. Ukiwasha hita tupu, elementi inaungua mara moja. Moto uweke nyuzi 55 hadi 60, kuzidi hapo chokaa inaongezeka kwa kasi.

Mkaazi_Fumba
Ahsanteni. Nimepima: baridi sekunde 50, moto dakika 3 na nusu. Ndimu imetoa povu, maji hayana ladha ya chumvi. Lakini shawa ya chumba cha nyuma ni dhaifu hata baridi, na nimeshaisafisha.

PPR_na_Moto
Hiyo ya nyuma ni maungio. Mashine ya kuunganishia PPR huwa nyuzi 260, na paipu ya milimita 20 inatakiwa kupashwa sekunde 5 tu. Ikizidishwa, au ikisukumwa ndani kupita alama ya milimita 14, plastiki hujikunja na kubana tundu. Fungua kona ya paipu ya karibu na shawa kwanza, ni kipande kimoja cha kigae.

Bi_Mekoni
Na ukitaka kulainisha maji yote, piga hesabu mwenyewe. Tuseme watu 6, kila mmoja lita 100, ni lita 600 kwa siku. Maabara wakisema ugumu ni miligramu 300 kwa lita, hizo ni gramu 180 za chokaa kwa siku. Lita 1 ya resini, zile chembe za ndani ya mashine zinazonasa chokaa, hushika kama gramu 50, kwa hiyo lita 20 zinakaa siku 5, kisha zioshwe kwa kilo 2 za chumvi. Mfereji wa jikoni na wa bustani uache nje ya mashine, maji yaliyolainishwa yana sodiamu zaidi. Kwa nyumba yako ningeanza na hita na ile valvu tu, kisha elementi uitazame tena baada ya miezi 6.