Magari ya umeme: anayetangulia hula, au huliwa?

MjiWaJua: Mitsubishi walitoa i-MiEV 2009, Nissan wakaleta Leaf Desemba 2010. Leo anayetamba ni BYD wa Uchina. Robo ya mwisho ya 2023 aliipiku Tesla kwa mauzo ya magari ya betri pekee. Hapa Nairobi, kampuni ya Nopea walianza teksi za Leaf 2018, 2022 wakafunga. Sasa kutangulia kuna faida gani? Leaf kuukuu yenyewe ni tochi ya magurudumu, betri imechoka.

HesabuTupu: Umekosea mwanzo. BYD anatengeneza betri tangu 1995, na F3DM yake ya kuchomeka ukutani ilitoka 2008, ingawa ilikuwa na petroli pia. Huyo si mgeni. Kilichomponza Nissan ni plagi: alishikilia CHAdeMO, plagi ya Kijapani ya chaji ya haraka, Ulaya wakahamia nyingine, CCS.

FundiSeli: Tochi? Mzee, huo ni uvivu wa kupima. Betri ya Leaf ya kwanza ina seli 192 ndani ya moduli (vifurushi) 48, na mara nyingi kinachoiua ni moduli mbili tatu. Usiamini vile vijiti 12 vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri. Muuzaji akifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vyote hurudi kwa wiki kadhaa, halafu vinadondoka ukishalipa. Chomeka kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, fungua LeafSpy, app ya simu ya kupima betri, shusha chaji hadi asilimia 30, kisha kanyaga mafuta barabara ya Waiyaki Way ukipanda Kangemi. Jozi ya seli ikizama peke yake millivolti 100 na zaidi chini ya wenzake, umempata mgonjwa.

MjiWaJua: Unaongea kama dalali wa yadi. Betri ile haina maji ya kuipoza. Arizona 2012 vijiti vilikuwa vikidondoka kama maembe.

FundiSeli: Arizona ni jangwa, kaka. Nairobi iko mita 1,700 na ushei, Julai watu wanavaa makoti. Teksi ndiyo hupika betri: chaji ya haraka mara tatu kwa siku bila kupumzika.

HesabuTupu: Na CHAdeMO, hakuna anayenijibu?

MamaPloti: Vijana, mnabishana betri na nyumba za watu ziungue? Wapangaji wanakata kichwa cha waya wa kuchaji wa Japani wa volti 200, wanaweka plagi ya kawaida ya pini tatu.

FundiSeli: Hapo mama umesema kweli. Plagi hiyo fyuzi yake ni ampea 13, waya unaweza kuvuta 15 saa nane mfululizo. Fyuzi haikatiki haraka kwa ziada ndogo hivyo. Pini ndizo huchemka, soketi inageuka kahawia, inanuka, inayeyuka. Vuta waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye bodi ya stima, breka ya ampea 16, soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16.

MjiWaJua: Kwa hiyo Leaf ni ya bei rahisi mpaka umlipe fundi wa stima. Asante kwa kunithibitishia.

FundiSeli: BYD nayo utaichaji kwa maji ya bwawa la Ndakaini?

MamaPloti: Muacheni huyo. Soketi ya bluu, madukani Nyamakima wanayo?

FundiSeli: Wanayo, mama. Sema pini tatu. Ile nyekundu ya pini tano ni ya fezi tatu, utarudi nayo.